Mkutano Uliotembea Nyumba kwa Nyumba

Nilirudisha kipaza sauti ofisi ya mtaa siku ya Jumatatu asubuhi, pamoja na mkanda wake nilioushona mwenyewe kwa uzi wa kiroba. Mtendaji mpya akanipa karatasi niweke saini kwamba nimekirudisha. Ilikuwa na mistari miwili. Nikaisoma taratibu, nikairudia, nikaigeuza nikatazama na nyuma. Akasema, "Mzee Amosi, ni kipaza sauti tu." Nikamwambia najua ni kipaza sauti. Nikaisoma mara ya tatu ndipo nikasaini. Mtanielewa mbele ya safari.

Naitwa Amosi Njamasi. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute hapa maneno ya watu wa maofisini. Karibu miaka thelathini nimekuwa mtangazaji wa mtaa wetu wa Mkwajuni, upande huu wa Zuzu, pembeni mwa Dodoma, ambako treni tunaisikia muda mrefu kabla ya kuiona. Kazi yangu haina jina kwenye makaratasi ya serikali. Wengine waliniita tarishi, wengine mgambo, lakini wengi waliniita Tangazo, na wapo watoto waliokua wakidhani ndilo jina nililobatizwa. Naacha kazi nikiwa na miaka hamsini na sita. Koo ndilo lililonistaafisha. Vumbi la kiangazi na kupiga kelele vimelimaliza. Na hata lingekuwa zima, siku hizi mtaa una kundi la simu. Tangazo linafika kwa wote kwa mara moja, na halisomwi na mtu.

Zulfa, binti wa Kondoa aliyechukua kazi ya uandishi pale ofisini, ndiye aliyeniomba niwaachie ninyi wapya ninachokijua. Alitaka kunirahisishia. "Baba, wewe ongea tu, mimi nachapa kwenye simu." Nikakataa. Nikamwambia nitaandika kwa mkono, kwenye daftari kubwa. Akacheka, akasema mwandiko wangu kama kuku amepita kwenye majivu. Sawa. Lakini lazima uwe mwandiko wangu, na sababu yake iko mwishoni.

Tena nitangulize jambo moja. Katika haya ninayoandika, nyumba kumi na tisa zilivunjwa na wenye nazo wakatawanyika. Waliosababisha ni watatu. Nitawataja wote watatu kwa majina, maana wao waliyatumia majina yetu bila kutuuliza.

Nilipoanza hapakuwa na kipaza sauti. Palikuwa na kipande cha reli cha kugonga kimening'inizwa kwenye mti wa ofisi, na palikuwa na Mzee Isaya Chitema, mtangazaji wa kabla yangu, jicho moja zima na jingine limefunikwa na ukungu. Tulikuwa bado kijiji wakati ule. Baadaye mji ukatukuta pale pale tulipokaa, tukalala wanakijiji tukaamka watu wa jiji, bila kusogeza hata jiko.

Siku ya kwanza nilipita mtaa mzima nikipiga kelele huku natembea. Jioni Mzee Isaya akanipeleka kwenye nyumba tatu nilizopita. Ya kwanza walisikia kuna mkutano, hawakusikia siku. Ya pili walisikia siku, hawakusikia jambo. Ya tatu walidhani kuna msiba, mama wa nyumba alikuwa ameshajifunga kanga mbili. Mzee hakunigombeza. Alinisimamisha njia panda, akanigeuza kwa mabega mpaka upepo ukawa mgongoni kwangu.

"Simama," akasema. "Mtu anayetembea anatangazia kuku. Sema jambo, sema mahali, sema siku. Halafu nyamaza uhesabu pumzi tatu, na urudie siku peke yake."

Hayo ndiyo mafunzo yangu yote, na hakuna semina iliyoyazidi. Mwezi wa saba na wa nane upepo wetu unachukua neno unalitupa mashambani, kwa hiyo usishindane nao, upe mgongo. Msiba utangaze kwa sauti ya chini, watu wenyewe watasogea. Chanjo itangaze asubuhi kabla akina mama hawajatoka. Mkutano usiutangaze siku ya mnada, utakuwa unajitangazia mwenyewe. Chai ya nyumba ya kwanza usiinywe, maana wa nyumba ya mwisho watasema unabagua.

Na la mwisho alilonifundisha mzee lilikuwa hili, kwamba kila mlango utakaosimama utapewa siasa. Utaambiwa nani mwizi, nani kapewa kiwanja cha nani, diwani anaonekana kwenye misiba tu. Usilitoe nyumba hii kulipeleka nyumba ile, na hasa usilipeleke ofisini. Hilo nililishika kwa miaka yote. Ndiyo maana watu waliniamini, na kuaminiwa huko ndiko kulikotumika.

Niwape mfano wa maongezi yenyewe, maana ndiyo ilikuwa nusu ya kazi. Mzee Salimu Nkola, Mrangi mwenye duka karibu na korongo, hakuwahi kunipa tangazo lipite bure. Nikisema mkutano Jumamosi, anauliza mkutano wa nini, ule wa mwaka juzi uliisha? Nikisema diwani atakuwepo, anaita wateja waje wamwone mtu aliyemwona diwani. Siku walipoanza kumiminika watu wa wizara kutoka Dar, wakilalamika maji yetu yana chumvi, alisema tumeingoja serikali miaka yote hiyo, imekuja na jambo la kwanza imekataa maji. Nilikuwa namwandikia majina kwenye viroba vya wateja wake waliohifadhi karanga na alizeti dukani kwake, kwa sababu macho yake yalikuwa yamechoka. Yeye alisaini tu pembeni. Kwa hiyo alikuwa anaujua mwandiko wangu, na mimi naijua saini yake. Wekeni hilo akilini.

Nyumba tatu kutoka dukani alikaa Bi Damari Mnyuku, mjane. Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma na bati, na nyuma yake tembe la zamani la udongo alilolijenga na marehemu mumewe, ambamo sasa walilala mbuzi. Mume alizikwa pale pale, kati ya tembe na korongo. Yeye ndiye aliyenipa jina la Tangazo, na alinisalimu kwa lugha ya kwetu.

"Mbukwa, Tangazo. Leo umetuletea nini, mvua au mkutano?"

"Shikamoo mama. Mkutano."

"Marahaba. Basi kaa kwanza, mkutano si ndege, hauli mbegu."

Kila mara alinisogezea kigoda, na kila mara nilimwambia nina nyumba nyingi. Miaka yote ile sikukikalia hata mara moja. Alikuwa akisema nitakufa nimesimama, na watapata shida kuninyoosha.

Sasa niwaeleze desturi yetu moja, maana ndiyo iliyotuua, na haikuanza kwa ubaya.

Masika watu wa Mkwajuni hawakai nyumbani. Wanahamia mashambani, wengine mpaka upande wa Mvumi, wanarudi wakiwa na mavuno. Mikutano ya mtaa ikawa haitimii. Sheria inataka idadi, na pale ofisini wanakaa watu kumi na moja na mbwa. Wakati tunaomba kisima, mikutano mitatu iliharibika hivyo, na barua ikarudishwa kwa sababu mahudhurio hayatoshi. Ndipo Mzee Isaya akasema, watu hawawezi kuufuata mkutano, basi mkutano uwafuate watu. Akachukua karatasi ya mahudhurio, akapita nayo nyumba kwa nyumba mpaka mashambani, anaeleza jambo, anayekubali anaandika jina, asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Kisima kikapatikana. Kipo mpaka leo, kina chumvi, lakini kipo.

Tukakipenda kitendo kile. Tukakiita kumalizia mkutano. Mzee Isaya alipofariki nikakirithi pamoja na kipande cha reli. Tulimalizia mkutano wa kisima, wa shule, wa ulinzi wa usiku, wa taka. Tofauti ni kwamba Mzee Isaya alikuwa anaeleza jambo kwanza. Mimi kadiri miaka ilivyokwenda nikawa nasema tu, "Ni ile karatasi," na watu wananyoosha mikono. Hakuna aliyenifundisha kufanya hivyo. Ni uvivu ulioota taratibu, kama kutu.

Halafu akaja Yoramu Mtwanzi.

Huyu ndiye wa kwanza. Yoramu Mtwanzi, mwenyekiti wa mtaa kwa vipindi viwili, aliyeingia kwa kuahidi kivuko cha korongo na kutoka akiwa na nyumba ya ghorofa. Mtu wa kucheka na kila mtu. Akikutana na mzee anavua kofia, akikutana na msiba anabeba jeneza mbele. Sisemi hivi kumsifu. Nasema ili mkimwona wa namna yake mjue kubeba jeneza ni kazi ya mabega, haisemi kitu juu ya moyo.

Wa pili ni Festo Lukali, mtendaji wetu wa wakati ule, aliyeajiriwa na kuletwa kwetu. Huyu hakucheka. Alikuwa msafi, ana mwandiko mzuri, na alitunza mhuri wa ofisi kwenye soksi, soksi kwenye droo, ufunguo wa droo shingoni. Ukiomba barua ya utambulisho unamwona anautoa kama anakamua ng'ombe mkali.

Mwaka ule viwanja vilikuwa vinapimwa kila upande. Ukiamka unakuta kigingi cha zege mahali ulipoanika mlenda jana. Maongezi ya milangoni yakawa hayo tu. Nani kapimiwa, nani karukwa, nani ana ndugu ofisi ya ardhi. Mzee Salimu alisema ardhi ya Dodoma imekuwa kama mchumba, kila mtu anaipima na hakuna anayeoa. Watu walicheka, lakini wakicheka wanatazama korongoni, kwa sababu nyumba za mstari wa korongo zilikuwa hazijapimwa hata moja.

Mkutano wa mtaa ukaitishwa. Niliutangaza mwenyewe, ajenda nilizopewa zilikuwa tatu: usafi, ulinzi shirikishi, na mengineyo. Walikuja watu kumi na tatu. Yoramu akafungua kwa sala, akazungumzia mifuko ya takataka, akafunga kwa sala. Mengineyo hayakuzungumzwa. Nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho, nimeshika kipaza sauti.

Kesho yake Lukali akanipa karatasi nne za mistari. Zilikuwa na namba pembeni, nafasi ya jina na nafasi ya saini. Juu hapakuandikwa kitu. "Kamalizie mkutano," akaniambia, neno letu lile lile. Nikamuuliza ajenda niseme nini. Akasema, "Si uliitangaza wewe? Usafi na ulinzi."

Nikaenda. Siku tatu nilitembea. Kwa Bi Damari nilifika siku ya pili, saa nne asubuhi, nikamkuta anamenya karanga. Akanisogezea kigoda, nikamwambia nina nyumba nyingi.

"Hii ni ya nini?" akauliza.

"Ya mahudhurio, mama. Mkutano wa juzi."

"Mimi sikuja."

"Ukiweka dole umekuja."

Akacheka mpaka karanga zikamwagika mapajani. "Kumbe siku hizi mkutano unanifuata mwenyewe. Basi uambie ukae, mimi nauchemshia chai." Halafu akaacha kucheka, akatazama ile karatasi, ingawa hakujua kusoma. "Tangazo, huku juu mbona peupe?"

"Ni karatasi ya majina tu. Hakuna cha kusoma."

Hilo neno nililisema kwa mdomo wangu. Hakuna cha kusoma. Akanyoosha mkono. Dole lake lilikuwa limepasuka kwa jembe na kwa maganda, wino haukushika vizuri, likatoka kama kivuli. Nikalichukua, nikalikandamiza tena kwenye kibati cha wino, nikalibonyeza mwenyewe kwenye karatasi mpaka likaonekana. Mara ya pili lilitoka safi sana.

Mzee Salimu alikataa. Alipokea karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akanirudishia.

"Haina kichwa hii, Amosi."

"Ni mahudhurio, mzee."

"Mahudhurio ya nani, wapi, kuzungumza nini? Kaandike kichwa, urudi. Mimi siweki jina langu kwenye mwili usio na kichwa, utaliwa na fisi na jina langu limo ndani."

Sikurudi kwake. Nilirudi ofisini nikiwa na majina arobaini, na idadi waliyoitaka, alivyosema Lukali, ilikuwa arobaini na moja. Nikamwambia Salimu Nkola amekataa. Hakukasirika. Alinivutia kiti, akanikalisha, akanisogezea maji ya kunywa. "Amekataa kwamba anaishi mtaa huu?" Nikasema hapana. "Basi mwandike. Mahudhurio ni kuonyesha mkazi yupo." Akanipa kalamu yake.

Nikaandika. Salimu Issa Nkola. Na kwenye nafasi ya saini nikachora saini yake kama ninavyoijua kwenye viroba, ule mkia wake mrefu unaorudi nyuma.

Wa tatu ni mimi, Amosi Njamasi.

Nimekaa na hili muda mrefu nikitafuta namna ya kulisema ambayo ingenipunguzia, na sijaipata. Lukali hakunitishia. Yoramu hakunipa kitu. Ningependa kuandika kwamba walinipa kitu, au walinishikia panga, mngeelewa upesi. Nilikuwa nimechoka miguu, nikavutiwa kiti, na nilitaka kumaliza kazi. Ndivyo lilivyotokea.

Miezi michache baadaye nyumba za korongoni zikapakwa alama nyekundu. Watu wakakimbilia ofisini, wakaambiwa wao ni wavamizi wa korongo, na tena mtaa wenyewe uliridhia eneo liachwe lipewe mtu wa yadi ya malori. Waliridhia lini? Wakaonyeshwa muhtasari wa mkutano, umepigwa mhuri wa kwenye soksi. Usafi, mistari miwili. Ulinzi, mistari miwili. Mengineyo, ukurasa mzima: wananchi kwa kauli moja wameliachia eneo la korongoni na hawatadai fidia. Nyuma yake zimebandikwa karatasi zangu nne. Sasa zilikuwa na kichwa.

Walilalamika mpaka wilayani, na akaja afisa kusikiliza. Walipanga viti mbele ya ofisi. Mimi nilipewa kazi ya kushika kipaza sauti, nikipeleke kwa kila anayetaka kusema. Afisa yule alisikiliza vizuri, sina lawama naye. Alisoma majina moja baada ya jingine, aliyetajwa anasimama. Bi Damari alisimama. Akaulizwa kama dole ni lake. Akasema ni lake. Akaulizwa kama alijua anachokubali. Akasema, "Niliambiwa hakuna cha kusoma." Hakusema na nani. Mimi nilikuwa nimemshikia kipaza sauti mdomoni.

Likafika jina la Mzee Salimu. Akaomba aione karatasi. Akaitazama kwa mbali, akaileta karibu, kama siku ile.

"Jina ni langu," akasema. "Mkono si wangu."

Watu wakapiga kelele. Afisa akainua mkono wakanyamaza. Akasema kama kuna jina hata moja la kughushi, karatasi yote ina mashaka, na yeye hawezi kuendelea nayo. Akamuuliza mzee kama anamjua aliyeandika.

Sasa sikilizeni. Nyumba kumi na tisa zilikuwa kwenye neno moja. Mzee Salimu hakunitazama usoni, alitazama kile kipaza sauti mkononi mwangu. "Mwandiko naujua," akasema. "Mwenyewe yupo hapa hapa. Ana mdomo. Aseme."

Afisa akangoja. Yoramu Mtwanzi alikuwa anakunja kofia yake. Lukali alikuwa anaandika, hakuinua kichwa. Nilijua kughushi kuna kifungo, nilifikiria mke wangu, nilifikiria watoto, nilifikiria vitu vingi vya maana. Nikahesabu pumzi tatu, kama nilivyofundishwa. Kisha nikasogeza kipaza sauti kwa mtu aliyefuata kwenye mstari.

Afisa akaandika kwamba dai la kughushi halikuthibitishwa.

Kikao kilipovunjika nilimfuata Mzee Salimu. Hakuongeza mwendo wala hakupunguza. Alisema neno moja tu, "Nilikupa nafasi," akaingia dukani kwake, akafunga mlango mchana kweupe.

Tangazo la kuvunja nililitangaza mimi. Ndiyo, mimi. Nani mwingine alikuwa na kazi hiyo? Nikasimama njia panda ya korongoni, upepo mgongoni. Nikasema jambo, nikasema mahali, nikasema siku. Bi Damari akatoka mlangoni mikono imejaa unga. Hakulia, hakunitukana. Aliniambia, "Tangazo, rudia siku." Nikahesabu pumzi tatu, nikairudia.

Mashine ilifanya kazi tangu asubuhi mpaka saa nane mchana. Matembe yanaanguka kimya, udongo unarudi udongo. Ni bati ndilo linalolia. Watu walikaa juu ya magodoro yao upande wa pili wa barabara wakiangalia, na mtu mmoja alikuwa anasimulia kila nyumba inavyoanguka kama anatangaza mpira, watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Kaburi la mume wa Bi Damari walilizungushia kamba, wakasema litahamishwa kwa utaratibu. Mpaka leo limo ndani ya yadi, na malori yanalizunguka.

Nyumba yangu ilikuwa ya ishirini kwenye mstari ule. Alama nyekundu haikuwekwa. Sikuomba, sikuambiwa, nilikuta tu mstari umepinda kabla ya kunifikia. Nadhani ni Yoramu. Hakunifanyia wema. Alinifunga mdomo kwa namna ambayo kila anayepita anaiona. Tangu siku ile nikisimama mlangoni kwa mtu kutangaza, hakuna aliyeniuliza mvua au mkutano. Walinisikiliza mpaka mwisho, wakajibu asante. Miaka ya mwisho ya kazi yangu ilikuwa hivyo. Mtangazaji asiyepewa umbea amekwisha, hata kama sauti anayo.

Mzee Salimu alirudi Kondoa. Bi Damari alichukuliwa na binti yake Mvumi, na masika yaliyofuata akafariki, kabla ya mavuno. Nilikwenda kwenye msiba. Nilisimama mbali kidogo, karibu na magunia, sikuwa na uso wa kusogea. Binti yake akanipita mara mbili akiwahudumia watu. Mara ya tatu akarudi na kigoda.

"Wewe ndiye Tangazo?"

"Ndiye mimi, mama. Poleni."

"Mama alisema ukija usiachwe umesimama."

Akakiweka chini, akaenda zake. Nikakikalia. Kilikuwa kile kile cha siku zote, mguu mmoja mfupi. Nilikaa juu yake mpaka watu wote wakaondoka.

Yoramu Mtwanzi hivi sasa anataka udiwani, mtamwona akibeba majeneza. Festo Lukali alihamishwa, na huko alikohamishiwa pia kuna ofisi, na ofisi ina mhuri. Wa tatu mnaye hapa.

Zulfa na wenzako, karatasi ya majina isiyo na kichwa msiipokee, na msimpelekee mtu. Ukipewa, mrudishie mbele ya watu. Ukimwambia mtu hakuna cha kusoma, umeshamwibia, hata kama hujui bado umemwibia nini. Na ukivutiwa kiti na mkubwa wako wakati umechoka, simama.

Shauri ambalo wale kumi na tisa walilifungua mahakamani halijafa. Linaitwa na kuahirishwa, linaitwa na kuahirishwa. Wakili wao aliniambia tulipokutana mjini kwamba kinachokosekana ni mtu mmoja tu wa kueleza karatasi ile ilijazwaje. Aliniambia bila kujua anaongea na nani. Kwa hiyo daftari hili halikai ofisini, Zulfa. Likimaliza kusomwa na wewe lipeleke kwake, na mwambie mwenye daftari hajahama, nyumba yake ni ile iliyobaki peke yake pembeni ya yadi, haina shida kuipata.

Ndiyo sababu nilikataa kuchapiwa. Karatasi za mahudhurio zimo kwenye jalada. Wafungue mstari wa arobaini na moja, waweke ukurasa huu pembeni yake, watazame jinsi ninavyoiandika S na jinsi mkia wa saini unavyorudi nyuma. Hapa naliandika tena jina lile kama nilivyoliandika siku ile:

Salimu Issa Nkola.

Na chini yake naweka jina ambalo siku ile sikuliandika popote:

Amosi Njamasi.